Kivuli cha upepo: mitambo ya umeme baharini na mawimbi

Kivuli cha upepo ni eneo la bahari lililo upande wa demani, yaani upepo unakoelekea, wa mitambo ya umeme wa upepo, ambako upepo umepungua kwa kuwa mapanga yameshachukua sehemu ya nguvu yake. Nahodha wa Bagamoyo anaijua hali hiyo: ukipita nyuma ya kisiwa, tanga hulegea na maji hutulia.

Wengi hudhani nguzo ndizo zinazovunja mawimbi. Sivyo. Nguzo yenye kipenyo cha mita 6, na mwenzake akiwa mita 1,000 kando, haizibi hata asilimia 1 ya wimbi linalopita. Mawimbi marefu yatokayo bahari kuu, ya sekunde 10, huzizunguka kama hazipo.

Kinachopungua ni mawimbi yanayozaliwa papo hapo. Hayo hukuzwa na kasi ya upepo, muda wake, na urefu wa maji unayopita. Kati ya Unguja na Bagamoyo ni kilomita kama 40. Kaskazi ya mita 8 kwa sekunde ikivuma umbali huo huinua mawimbi ya karibu mita 0.8, yanayofuatana kila sekunde 4. Mlango huu wa bahari hauna mitambo (Ulaya inayo tangu Vindeby, Denmark, mwaka 1991), lakini tuseme imesimikwa katikati. Nyuma yake mawimbi yangekosa msukumo, na hata upungufu mdogo una uzito: kimo kikishuka asilimia 10, nishati ya wimbi hushuka asilimia 19.

Kivuli hakidumu. Upepo wa juu hushuka kujaza pengo, na mawimbi huanza kukua upya. Hewa ikiwa na joto kuliko maji, haichanganyiki upesi. Ndiyo maana setilaiti zimeona vivuli vya makumi ya kilomita katika Bahari ya Kaskazini. Maji yakiwa na joto kuliko hewa, kivuli hufupika.

Anayetegemea mitambo hii ilinde ufukwe usiliwe na bahari, ahadhari. Upepo ukizidi mita 12 hivi kwa sekunde, mapanga hugeuzwa yapitishe upepo mwingi zaidi, na kwenye mita 25 mitambo mingi husimamishwa. Kwa hiyo siku ya mawimbi makubwa kabisa ndiyo siku ambayo kivuli ni hafifu. Tena huhama na msimu: wakati wa kaskazi kingeelekea Bagamoyo, wakati wa kusi kingegeukia Saadani.