Usukani mgumu wa Massey Ferguson 135: anzia kwenye magurudumu, usianzie kwenye boksi

Kila mwaka mvua za kwanza zinapokaribia, wenye matrekta ya zamani huku Nachingwea na Masasi huja na lalamiko lilelile: usukani umekuwa mgumu. Dereva akifika mwisho wa shamba anakata kona kwa kuegemeza kifua, na jioni mabega hayainuki. Mara nyingi mwenye trekta ameshaambiwa kwamba boksi la stelingi, yaani boksi la gia za usukani, limekufa, anunue jingine. Namsihi asinunue kwanza. Kwenye matrekta haya ugumu hukaa zaidi kwenye kingpini, yaani pini ya wima ambayo gurudumu la mbele hugeukia, kuliko kwenye boksi, na kulithibitisha hilo kunahitaji jeki, spana na subira tu.

Nazungumzia 135 ya usukani wa mkono, trekta lililoanza kutengenezwa 1964 na ambalo bado linavuta plau huku kwetu. Lile lenye usukani wa haidroliki lina mambo yake. Hapo anza kutazama oili na mipira inayovuja. La mkono lina njia fupi: usukani unazungusha shafti ndani ya nguzo, shafti inaendesha boksi, boksi linasukuma mikono miwili, na kila mkono unavuta fimbo ndefu tunayoiita draglinki mpaka kwenye mkono wa kingpini. Ugumu unaweza kukaa popote kwenye njia hiyo. Kazi ya fundi ni kuikata vipande.

Kwanza pima upepo. Tairi za mbele za 6.00-16 zikilegea, usukani unakuwa mzito hata kama vyuma vyote ni vizima. Mimi huweka karibu psi 28, lakini anayekuwa na kitabu cha trekta lake afuate kitabu. Dakika tano zimeisha hapo.

Sasa inua. Weka magogo mbele na nyuma ya magurudumu makubwa, kisha piga jeki chini ya sehemu ya mbele ya injini. Hapa kuna jambo ambalo vijana wengi hawafundishwi: ekseli ya mbele inabembea kwenye pini ya katikati, kwa hiyo trekta likiwa juu ya jeki linaweza kulala upande mmoja ghafla. Chonga kabari mbili za mti mgumu, uzipigilie kati ya ekseli na kibebeo chake, kulia na kushoto. Halafu liegemeze trekta juu ya magogo mazito. Usitumie tofali, linapasuka bila kukuaga. Jeki ni ya kuinulia, si ya kulalia chini yake.

Magurudumu yakishaning'inia, zungusha usukani. Ukiwa mwepesi kabisa, rudi kwenye tairi, na uangalie mzigo uliofungwa mbele. Ukiwa bado mgumu, fungua bolijointi za mbele za draglinki zote mbili, yaani viungo vya mviringo vilivyo mwishoni mwa fimbo hizo. Usizungushe bolijointi kwenye nyuzi zake. Ukiizungusha unaharibu mwelekeo wa magurudumu. Fungua nati, kisha gonga pembeni ya jicho la mkono kwa nyundo, huku nyundo nyingine imekingwa upande wa pili. Bolijointi inaruka yenyewe.

Sasa kila kitu kimesimama peke yake. Shika gurudumu la kushoto ulizungushe kwa mikono, kisha la kulia. Linatakiwa kwenda bila kukwama popote. Nenda kwenye usukani nao uuzungushe kutoka mwisho mpaka mwisho. Kinachokataa ndicho mgonjwa wako.

Mara nyingi kinachokataa ni gurudumu. Ukichomoa nipo, yaani chuchu ya kupigia grisi, kwenye kingpini hiyo utaona tundu limezibwa na kitu cheusi kigumu, grisi ya miaka iliyochanganyika na mchanga wetu mwekundu. Matrekta yanayobeba salfa, dawa ya unga ya kupulizia, kwenye mikorosho huwa na unga wa njano ndani ya kile cheusi, na ukishika unyevu unakula chuma. Dereva anakwambia, "Fundi, mimi napiga grisi kila wiki." Ni kweli anapiga, ila grisi inatokea pembeni ya nipo na haifiki kwenye bushi, yaani kibomba ambamo kingpini inazunguka.

Chokonoa tundu kwa waya. Jaza oili nyepesi iliyochanganywa na dizeli, zungusha gurudumu huku na huku, uiache mpaka kesho. Rudia. Ikianza kulainika, funga nipo mpya na piga grisi magurudumu yakiwa bado yananing'inia. Hili nalisisitiza sana. Chini ya kingpini kuna beringi inayobeba uzito wa mbele wa upande huo. Trekta likiwa limesimama chini, nyuso za beringi zimebanana na grisi haipati pa kuingia. Likiwa juu, inapenya. Piga huku msaidizi anazungusha gurudumu, mpaka uchafu utoke wote na grisi safi ionekane juu na chini.

Isipokubali, vua mkono ulio juu ya kingpini, weka alama mahali ulipokaa, na uishushe kingpini. Tazama imeliwa wapi. Ikiwa na mfereji unaoshikwa na ukucha, bushi mpya peke yake haitakusaidia. Ipeleke kwa fundi wa kukereza au ununue nyingine. Iviringishe juu ya kioo uone kama imepinda, maana visiki vya mashamba mapya vinazipinda. Ukirudisha mkono wa juu usiupigilie mpaka chini ukabana kila kitu. Acha kingpini ipumue kidogo.

Kama magurudumu ni mepesi na usukani ndio mgumu, tazama kwanza bushi ya juu ya nguzo. Trekta linalolala nje Mtwara mjini, karibu na chumvi ya bahari, hushika kutu hapo mapema. Kisha angalia oili ya boksi. Inatakiwa oili nzito ya gia, namba 90, wala si grisi kama wengine wanavyojaza. Baada ya hapo ndipo uulize kama kuna mtu aliyelibana boksi ili kuondoa mchezo wa usukani, yaani ule ulegevu wa kuzunguka bila magurudumu kugeuka. Mchezo mwingi hutoka kwenye bolijointi zilizochoka, na anayebana boksi kuuficha anaziua beringi zake. Legeza marekebisho kidogo kidogo, huku ukijaribu usukani ukiwa katikati, mahali unapokuwa mgumu zaidi.

Ukifunga bolijointi, rudisha pini za kufungia nati. Waya wa uzio si pini. Wakati wa kulima piga grisi kila jioni, na mara moja kila wiki uinue mbele kwanza ndipo upige. Madereva nao waache kukata usukani trekta likiwa limesimama. Lisogee kidogo kwanza.