Kaungua? Maji kwanza! Maswali ninayoulizwa kila siku chumba cha vidonda

Habari zenu ndugu zangu. Mimi ni nesi hapa Tanzania, kazi yangu kubwa ni kusafisha na kufunga vidonda, na nimeamua kuandika maana nimechoka kutoa dawa ya mswaki kwenye ngozi ya mtoto anayelia. Sijasema nimechoka na wagonjwa, hapana, nimechoka na hiyo dawa ya mswaki. Maswali ni yale yale mnayoniuliza mlangoni na mengine mnanitumia wasapu usiku.

Swali: Kuungua ni mpaka moto ukushike?

Hapana. Kuungua ni ngozi kuharibiwa na joto, umeme au kemikali. Watoto wengi ninaowapokea hawajaguswa na moto kabisa, ni chai, uji, maji ya kuoga, maharage yanayochemka kwenye jiko la mkaa lililowekwa sakafuni, mtoto anatambaa anavuta sufuria kwisha habari. Wakubwa ni mafuta ya chipsi, rejeta iliyofunguliwa gari bado ina moto, shoti ya umeme, tindikali ya betri, na saruji (ndiyo, saruji, nitaifikia). Shirika la Afya Duniani linakadiria watu kama 180,000 wanakufa kila mwaka kwa kuungua na wengi wao sana ni huku kwetu kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati.

Swali: Mtoto kamwagikiwa chai sasa hivi, nianze na nini?

Maji. Vua nguo iliyolowa haraka maana inashika joto inaendelea kumpika, vua na bangili na shanga kabla hapajavimba, ila nguo iliyogandia kwenye ngozi usiivute, iache hivo hivo. Halafu mwagia maji ya kawaida ya baridi dakika 20. Ishirini! Angalia saa, sio unamnyunyizia mara mbili unasema tayari. Huna bomba, chota kwa jagi kwenye ndoo, kinga na beseni, rudia maji yale yale, tunajua shida ya maji ilivyo. Hata kama umekuta kaungua saa moja au mbili zilizopita mwagia tu, mpaka masaa matatu bado yanasaidia. Sehemu nyingine ya mwili mfunike asipate baridi, hasa mtoto mchanga. Barafu usiweke, inaua ngozi zaidi. Ukimaliza funika kwa kitambaa safi, hata kanga iliyofuliwa na kupigwa pasi inatosha, usikaze, njoo hospitali.

Swali: Lakini maji si ndo yanaleta malengelenge?

Hapana. Hapana kabisa. Hili ndo swali ninalotamani lifutike nchi nzima. Lengelenge linaletwa na joto ambalo limeshaingia kwenye ngozi, lingetoka hata kama usingegusa tone la maji. Joto halikai juu, chai umeshaifuta lakini lenyewe linaendelea kushuka ndani, na kinacholitoa ni maji. Mama anamkimbiza mtoto ndani asiguswe na maji, anazunguka kwa majirani kutafuta cha kupaka, dakika 20 zile zinaisha hivo hivo, na kidonda ambacho kingepona wiki mbili kinakuja kuwa cha kupandikizwa ngozi. Na lengelenge usilitumbue.

Swali: Dawa ya mswaki je? Mbona inapoza.

Hapana. Unasikia ubaridi tu kama unavyousikia mdomoni, joto liko pale pale chini. Ikikauka inagandana, daktari haoni kidonda kina kina gani, inabidi niitoe, na kuitoa mtoto anaumia upya.

Swali: Ute wa yai?

Hapana. Yai bichi lina vijidudu na wewe unaviweka mahali ambapo ngozi haipo tena.

Swali: Asali na manyoya ya sungura? Bibi alitutibu hivo na tulipona.

Bibi nampa shikamoo yake, ila hapana. Mliopona mlikuwa mmeungua juu juu, na kuungua juu juu kunapona kwenyewe ndani ya wiki moja au mbili hata usipopaka kitu. Waliokuwa wameungua sana hawapo wa kutoa ushuhuda. Asali ya kutibia vidonda ipo, imesafishwa kwa kazi hiyo na inatumika baadaye kwa maelekezo, sio hii ya kwenye chupa ya soda. Manyoya ya sungura jamani, nimewahi kukaa na kibanio karibu saa nzima natoa unyoya mmoja mmoja kwenye paja la mtoto wa miaka miwili, mama yake amesimama pembeni ananiambia nesi polepole. Polepole ilikuwa nyumbani.

Swali: Na unga, chumvi, mkojo, majivu, mafuta ya taa?

Hapana. Maji. Eti mafuta ya taa kwa mtu aliyeungua!

Swali: Nitajuaje kwamba hiki ni cha hospitali?

Chukua kiganja cha aliyeungua pamoja na vidole vyake, hiyo ni kama asilimia 1 ya mwili wake. Kidonda kikizidi hapo njoo. Usoni, mikononi, miguuni, sehemu za siri, kwenye kiungo kama goti au kiwiko, njoo hata kikiwa kidogo. Umeme au kemikali njoo. Amevuta moshi, sauti imekwaruza, kimbia. Mtoto mdogo mlete tu. Halafu kuna hiki kinachowadanganya wengi, kidonda cheupe au cheusi kisichouma. Mnafurahi hakiumi! Hakiumi kwasababu mishipa ya fahamu imeungua pia, hicho ndo kibaya kuliko chenye kumpigisha mtu kelele.

Swali: Mi nilikuwa naangalizia kwanza siku mbili tatu.

Hapa ndo huwa nakosa adabu. Aliyeungua sehemu kubwa anapoteza maji ya mwili kupitia kile kidonda, kwa mtoto ikifika kama asilimia 10 tu tayari anahitaji dripu, na dripu hiyo tunapiga hesabu kuanzia saa alipoungua sio saa alipofika mapokezi, nusu yake inatakiwa iingie ndani ya masaa 8 ya mwanzo. Wewe umekuja kesho yake jioni, hayo masaa 8 nayatoa wapi? Mtoto amelegea, hakojoi, mnasema amelala vizuri leo. Wengine wanakuja siku ya tano kidonda kinanuka, ndo ninaambiwa tulijaribu dawa za nyumbani kwanza. Usiangalizie. Kama tatizo ni hela, mtoto wa chini ya miaka 5 sera inamsamehe malipo kwenye vituo vya serikali, na mkubwa mlete, ya hela tutaongea akiwa kwenye kitanda.

Swali: Mwenye kifafa akiangukia moto, ni kweli ukimshika unaambukizwa?

Sio kweli. Kifafa hakiambukizi, sio kwa povu, sio kwa mate, sio kwa mkojo, sio kwa kumgusa. Mtoe motoni! Nimefunga mikono ambayo imeungua mpaka mfupa kwasababu watu watano walisimama wanaangalia wakiogopa povu. Mtoe, mwagia maji, mlaze ubavu. Na akipona arudishwe kliniki ya kifafa aendelee na dawa, na jikoni asipike peke yake.

Swali: Na huku kazini kwetu?

Saidia fundi, zege bichi linaunguza. Haliumi mwanzoni, unasimama ndani yake na kandambili toka asubuhi, jioni ngozi ya miguu inabanduka. Vaa gambuti, na likiingia ndani ya gambuti vua hapo hapo uoshe kwa maji mengi, sio mpaka mda wa kutoka. Tindikali ni hivo hivo, maji mengi na mda mrefu, ikiingia machoni ndo usiache kabisa. Umeme: zima kwanza swichi kuu ndo umguse mwenzako, na aje hospitali hata kama juu kuna kadoa kadogo, umeme unaunguza ndani na unavuruga moyo. Mama lishe, jiko liinueni toka chini, mpini wa kikaango uelekee ukutani.

Petroli sina la kuongeza, Agosti 2019 pale Msamvu Morogoro lori lilianguka watu wakakimbilia kuchota, zaidi ya 100 walikufa, na bado juzi juzi nimemuona kijana ananyonya mafuta kwa mpira sigara iko sikioni.

Walioajiriwa, mwajiri anatakiwa atoe taarifa ya ajali kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, usikubali kupewa nauli na pole ukaondoka. Halafu wote ulizeni sindano ya pepopunda, akina mama huwa wanachomwa kliniki za ujauzito, akina baba wengi mara ya mwisho walikuwa watoto mgongoni.

Swali: Kidonda kimepona lakini mkono wa mtoto haunyooki.

Kovu linakaza, linavuta kiungo. Ndo maana tukikwambia umnyooshe vidole kila siku hata akilia tunamaanisha, na ukikiacha kiwiko kimekunja kwasababu akikunja haumii kitapona kikiwa kimekunja. Kama imeshatokea usimfiche ndani, mazoezi yapo na upasuaji wa kulegeza kovu upo kwenye hospitali kubwa za rufaa, anaweza kurudi kushika kalamu. Mlete na kadi yake ya kliniki.