Mtoto Anayekoroma Kila Usiku: Maswali na Majibu

Kukoroma ni nini, na ni kwa mtoto gani tuwe na wasiwasi?

Ni sauti inayotoka pale hewa inapopita kwa shida katika njia iliyobana na kuzitikisa nyama laini za koo. Mtoto mwenye mafua anaweza kukoroma siku chache kisha akaacha, na huyo si wa kutiliwa shaka. Ninayemzungumzia hapa ni mtoto anayekoroma siku 3 au zaidi kwa wiki, hata akiwa hana mafua.

Lakini si anakoroma kwa sababu amelala fofofo?

Hapana. Nasema tena, hapana. Jibu hilo la "amelala fofofo" ndilo ninalolisikia kliniki kila wiki, nalo ndilo linalowachelewesha watoto wengi. Mtoto anayekoroma kila usiku huenda anapigania hewa. Mama mmoja alinionyesha video ya mwanawe wa miaka 4: amelala mdomo wazi, shingo ameikunja nyuma, na kila anapovuta pumzi mbavu zinabonyea ndani. Ghafla sauti inakatika, kifua kinaendelea kuhangaika bila hewa kuingia, kisha mtoto anashtuka kwa nguvu, anageuka, anaanza tena kukoroma. Video hiyo ilikuwa na miezi minane kwenye simu, kwa sababu nyumbani waliiona kuwa ya kuchekesha.

Chanzo chake ni nini?

Mara nyingi ni nyama za puani, yaani tezi zilizo nyuma ya pua, pamoja na matonsili yaliyovimba hadi kukaribia kugusana. Tezi hizi huwa kubwa zaidi, zikilinganishwa na upana wa koo, kati ya miaka 2 na 8. Unene uliozidi nao huchangia, na moshi wa sigara ndani ya nyumba huzidisha hali hiyo.

Madhara yake ni yapi?

Usingizi hukatikakatika usiku kucha hata kama mtoto hafumbui macho, na oksijeni katika damu inaweza kushuka mara kwa mara. Mchana utamwona hatulii, hasikilizi, ana hasira za karibu, au anasinzia darasani. Wengine hukojoa kitandani ingawa walikwisha kuacha, na inauma kumpokea mtoto aliyechapwa kwa ukojozi au kwa utundu wakati tatizo liko kooni. Homoni ya ukuaji hutolewa kwa wingi katika usingizi mzito, kwa hiyo wapo wanaodumaa. Nyama za puani huweza pia kuziba mrija unaoelekea sikioni, maji yakajaa nyuma ya ngoma ya sikio na mtoto akawa hasikii vizuri. Hali ikiachwa muda mrefu, shinikizo linaweza kupanda katika mishipa ya mapafu na upande wa kulia wa moyo ukaelemewa. Mwenye selimundu, ugonjwa wa kurithi wa damu, asicheleweshwe hata kidogo, kwa kuwa upungufu wa oksijeni ni hatari zaidi kwake.

Nimeshauriwa akatwe kimio. Nifanye hivyo?

Usifanye hivyo. Kimio si ugonjwa; ni sehemu ya koo ambayo kila mtu anayo, na ukikikata nyama za puani zinabaki pale pale. Tunachopokea sisi baada ya wembe huo ni mtoto anayevuja damu, mwenye usaha kooni, au aliye katika hatari ya pepopunda na ya virusi vya ukimwi kutokana na kifaa kilichotumika kwa wengine. Anayekushauri hivyo, hata awe bibi unayemheshimu, mkatalie kwa adabu, lakini mkatalie.

Je, hataacha mwenyewe akikua?

Tezi hizo husinyaa kadiri anavyokaribia ujana, hilo ni kweli. Lakini mtoto wa miaka 3 hawezi kungoja miaka mingi akilala bila hewa ya kutosha, huku moyo, kimo na masomo yake vikiathirika. Usingoje akue. Na usimpe dawa ya mafua inayosinzisha ili "atulie", kwa sababu inaweza kulegeza misuli ya koo na kuzidisha kubana.

Hospitalini atafanyiwa nini?

Mrekodi akiwa amelala, dakika moja au mbili, kifua kikiwa wazi, uende na video hiyo. Daktari wa masikio, pua na koo anaweza kuanza na dawa ya kupuliza puani kwa wiki kadhaa, au kushauri upasuaji wa kuondoa nyama hizo na matonsili. Wazazi huogopa kwamba kinga itakwisha. Haitakwisha, kwa kuwa mwili una tezi nyingine nyingi za kazi hiyo. Akishafanyiwa upasuaji, damu yoyote itakayotoka mdomoni katika wiki 2 za mwanzo ni sababu ya kurudi hospitali saa hiyo hiyo.

Ni lini nisingoje kliniki?

Midomo ikiwa ya bluu, mbavu zikibonyea hata akiwa macho, akishindwa kumeza mate, au ukishindwa kumwamsha, mpeleke usiku huo huo.