Kwa nini Windows inakataa folda iitwayo CON?

Tengeneza folda kwenye kompyuta ya Windows, kisha uiite CON. Itakataa. Mitandaoni kuna uvumi kwamba hata Microsoft wenyewe hawajui sababu. Si kweli. Sababu inajulikana, na imejificha ndani ya draiva, yaani programu ndogo zinazoendesha vifaa, za MS-DOS, mfumo endeshi wa Microsoft uliotangulia Windows.

CON ni kifupi cha konsoli, yaani kibodi na skrini kwa pamoja. DOS ya kwanza, ya mwaka 1981, haikuwa na folda, na jina la kifaa lilitumika kama jina la faili. Ukiandika COPY CON BARUA.TXT, kila unachochapa kinaingia kwenye BARUA.TXT. Ukinakili faili kwenda PRN, linachapwa kwenye printa.

Mwaka 1983 likaja toleo la 2.0. Lilileta folda, na likaleta jambo ambalo kwangu ni kubwa zaidi: aliyeunda kifaa kipya aliweza kukiandikia draiva yake, kwa kawaida faili la .SYS, na mwenye kompyuta akaongeza mstari mmoja tu wa DEVICE= ndani ya CONFIG.SYS, faili la mipangilio ya DOS. Faili hilo lilianza na kichwa cha baiti 18. Baiti 4 za mwanzo ziliwekwa anwani ya draiva inayofuata, 2 zikaeleza aina ya kifaa, 4 zikaonyesha milango miwili ambayo DOS ingeingilia, na 8 za mwisho zikabeba jina. Basi, hayo tu.

Kwa anwani zile, draiva zilishikana kama mnyororo, ya kwanza ikiwa NUL, kifaa cha kufikirika kinachotupa kila kinachotumwa kwake. Draiva mpya ilipachikwa mara tu baada ya NUL, hivyo ilitangulia zile zilizokuja na DOS. Ndiyo mbinu ya ANSI.SYS, draiva ya skrini na kibodi: ilijiita CON, DOS ikaikuta kwanza, nayo ikashika skrini badala ya ile ya asili. Nauona ni usanifu mzuri sana kwa baiti chache kiasi hicho.

Kila ulipotaja jina la faili, DOS ilipitia mnyororo huo kabla ya kutazama diski. Na kwa kuwa programu za 1981 hazikujua folda, majina ya vifaa yaliachwa yafanye kazi ndani ya kila folda, popote ulipo. Windows ikarithi sharti hilo ili programu za zamani ziendelee kufanya kazi. Kwa hiyo hata ukizama folda kumi ndani, ukiandika CON unataja kibodi na skrini.