Kabla ya Kuhamisha Picha Zako: Dhana Potofu na Ukweli Kuhusu Hifadhi za Mtandaoni

Anayechagua huduma ya kuhifadhi picha mtandaoni huuliza kwanza inatoa nafasi kiasi gani, kisha bei yake, kisha kama ni rahisi kutumia. Maswali hayo yana maana, lakini lipo jingine ambalo husubiri mpaka siku mtu anapolazimika kuhama: picha zangu zitatokaje humu, na zitatoka na nini? Nimewasaidia ndugu na marafiki kadhaa kuhamisha picha zao, na karibu kila mara hasara niliyoikuta ilitokana na jambo ambalo mwenye picha aliliamini tangu mwanzo, nalo halikuwa kweli.

Dhana: Nafasi iliyotolewa bure itabaki bure

Historia ya huduma hizi inasema vingine. Flickr, iliyoanzishwa mwaka 2004 na kununuliwa na Yahoo mwaka uliofuata, ilitangaza mwaka 2013 kwamba kila mtumiaji atapata terabaiti 1 bila malipo. Mwaka 2018 ikanunuliwa na kampuni ya SmugMug, na ilipofika Novemba mwaka huohuo ikatangaza kwamba akaunti ya bure haitazidi picha na video 1,000. Waliokuwa na zaidi walitakiwa kulipia, kupakua picha zao, au kukubali zifutwe, zikianza zilizopakiwa zamani zaidi. Google Photos ilizinduliwa Mei 2015 ikiahidi nafasi isiyo na kikomo kwa picha zilizobanwa kidogo, na ahadi hiyo ikakoma tarehe 1 Juni 2021; tangu hapo picha mpya zinahesabiwa ndani ya gigabaiti 15 ambazo mtumiaji anazigawana na barua pepe zake na mafaili yake mengine. Photobucket nayo, katikati ya mwaka 2017, iliweka malipo ya karibu dola 400 za Marekani kwa mwaka kwa waliotaka picha zao ziendelee kuonekana kwenye tovuti nyingine, na kurasa nyingi zilizokuwa na picha za maelezo zikabaki na tangazo mahali pa picha.

Sababu si ngumu kuielewa. Picha iliyopakiwa miaka kumi iliyopita bado inakaa kwenye diski inayotumia umeme leo, na mwenye picha anaongeza nyingine kila wiki, kwa hiyo gharama ya mteja wa bure haipungui kamwe. Ndiyo maana napendelea huduma ninayoilipia, ingawa malipo nayo si kinga ya kila kitu: hata huduma ya kampuni kongwe kama Kodak, Kodak Gallery, ilifungwa mwaka 2012.

Dhana: Picha zikishapanda mtandaoni, tayari nina nakala ya akiba

Hapa ndipo watu wanapoumia zaidi, kwa kuwa kusawazisha na kuweka akiba ni mambo mawili tofauti, na skrini ya simu haiyatofautishi. Mfumo wa kusawazisha huhakikisha vifaa vyote vinaonyesha kitu kilekile. Ukiongeza picha kwenye simu, inaonekana kwenye kompyuta. Ukiifuta kwenye simu ili upate nafasi, inafutwa kwenye kompyuta na pia kwenye seva, yaani kompyuta za kampuni zinazohifadhi picha. Picha za iCloud, hifadhi ya mtandaoni ya Apple, zinafanya kazi hivyo, na picha iliyofutwa hukaa kwenye albamu ya zilizofutwa karibuni kwa siku 30 tu. Google Photos huiweka picha iliyokwisha kupakiwa kwenye pipa la taka kwa siku 60. Muda huo ukipita bila mtu kugundua, hakuna wa kumlalamikia, kwa maana mfumo umetekeleza amri uliyoupa.

Seva zenyewe nazo hukosea. Machi 2019 kampuni ya mtandao wa kijamii wa MySpace ilikiri kwamba picha, video na nyimbo zilizopakiwa zaidi ya miaka mitatu kabla ya hapo huenda hazitapatikana tena, baada ya kazi ya kuhamisha seva. Nakala ya akiba ya kweli ni ile ambayo kosa lililofanyika upande mmoja haliwezi kuifikia, kama vile diski ya nje iliyochomolewa na kuwekwa kabatini.

Dhana: Kuhama ni kupakua huku na kupakia kule

Nilipohamisha picha zangu mwenyewe kutoka huduma moja hadi nyingine niliamini hivyo. Kifurushi cha picha nilichopakua kutoka huduma ya zamani kilifunguka vizuri, idadi ya picha ilikaribiana na ile niliyoitarajia, na nikaanza kupakia. Kesho yake nilipofungua huduma mpya nikakuta picha ya mwanangu akiwa na umri wa siku mbili imekaa katikati ya picha za wiki ile, kana kwamba alikuwa amezaliwa juzi, ilhali alikwisha kuanza shule.

Ilinichukua jioni nzima kuelewa. Picha iliyopigwa kwa simu au kamera hubeba ndani yake taarifa ziitwazo Exif: tarehe na saa, aina ya kamera, na mara nyingi mahali ilipopigwa. Picha ile haikupigwa na simu yangu. Dada yangu ndiye aliyeipiga na kunitumia kwa programu ya ujumbe, na programu nyingi za aina hiyo, WhatsApp ikiwamo, huibana picha na kuondoa taarifa hizo. Nilipoipokea niliiandikia tarehe sahihi kwa mkono ndani ya huduma ya zamani, lakini tarehe ile iliandikwa kwenye kumbukumbu za huduma, si ndani ya picha. Katika kifurushi ilitoka kwenye faili dogo la maandishi lililowekwa pembeni ya picha, na huduma mpya haikujua kulisoma. Picha nilizozipiga mwenyewe zilifika salama. Zilizovurugika ni zile nilizotumiwa na zile za karatasi nilizozipitisha kwenye skana, yaani zilezile ambazo nisingeweza kuzipata tena kwingine.

Dawa ipo, nayo ni kuandika tarehe ndani ya picha kabla ya kupakia. Programu ya bure ya ExifTool inaweza kusoma mafaili hayo ya pembeni na kuandika tarehe kwenye picha maelfu kwa mpigo, na anayeogopa kuandika amri anaweza kutafuta programu nyingine yenye vitufe. La lazima ni kufanya kazi hiyo kwenye nakala, asili zikiwa zimewekwa kando.

Tarehe ni mfano mmoja tu. Majina ya watu ambayo umeyaoanisha na nyuso zao kwa kawaida hayahami. Maoni yaliyoandikwa na jamaa chini ya picha yanaweza kutoka kama maandishi matupu au yasitoke kabisa. Viungo vyote ulivyowahi kuwatumia watu hufa pale akaunti ya zamani inapofungwa. Picha moja iliyomo kwenye albamu tatu inaweza kutoka mara tatu, na hapo nafasi uliyolipia inajaa kabla ya wakati.

Muda nao huwashangaza watu. Gigabaiti 200 zikipakiwa kwa kasi ya megabiti 5 kwa sekunde zinahitaji saa 89 hivi bila kukatika, yaani karibu siku nne, na kasi ya kupakia katika miunganisho mingi ni ndogo kuliko ile ya kupakua. Kwa baadhi ya huduma ipo njia ya kuikwepa kazi hiyo: tangu Machi 2021 Apple inaruhusu picha za iCloud zipelekwe Google Photos kutoka seva hadi seva, na tangu Julai 2024 safari ya kinyume chake inawezekana pia. Kinachosafiri ni nakala, za awali hubaki zilipo. Hata hivyo Apple yenyewe inaeleza kwamba albamu za pamoja na baadhi ya taarifa za picha huenda zisihamishike, kwa hiyo njia hiyo inapunguza jasho bila kuondoa haja ya kukagua.

Dhana: Picha inayoonekana vizuri kwenye skrini ndiyo ileile niliyoipakia

Si lazima iwe hivyo. Chaguo la kubana picha katika Google Photos, kwa mfano, hupunguza picha iliyozidi megapikseli 16 hadi kiwango hicho, na tofauti hiyo haionekani mpaka siku utakapotaka kuichapa kubwa. Pakua picha moja na ulinganishe ukubwa wa faili lake na la asili. Dakika moja inatosha kujua.

Dhana: Albamu yenye kiungo cha kushirikisha ni ya siri

Kiungo hakimtambui anayekifungua. Uliyemtumia akimpa mwingine, huyo mwingine ataona kila kilichomo. Kwa picha za watoto ninachagua kila mara njia inayomtaka mtu aingie kwa akaunti yake, hata kama wazee watahitaji kusaidiwa mara ya kwanza.

Dhana: Ukipakia picha, inakuwa mali ya kampuni

Masharti ya huduma kubwa kwa kawaida husema hakimiliki inabaki kwako, ila unaipa kampuni ruhusa ya kuihifadhi, kuinakili na kuionyesha. Upana wa ruhusa hiyo ndio wa kusoma kwa makini, hasa kama inahusu matangazo, na kama inaendelea baada ya wewe kuifuta picha.

Dhana: Nikishahama, akaunti ya zamani inaweza kuachwa tu, au kufutwa siku hiyohiyo

Ikiachwa, inaweza kufutwa bila wewe kuwa na habari. Google ilitangaza Mei 2023 kwamba akaunti za watu binafsi ambazo hazijatumika kwa miaka miwili zinaweza kuondolewa pamoja na picha zilizomo. Ikifutwa kwa haraka, hasara hugunduliwa wakati hakuna pa kurudi, na anayefuta picha huko bila kuzima kwanza usawazishaji kwenye simu yake anaweza kuzifuta hata za simuni. Mimi huizima kwanza programu ya zamani kwenye kila kifaa, nikaiacha akaunti kwa miezi mitatu, huku nikilinganisha idadi ya picha mwaka kwa mwaka na kufungua chache za kila mwaka, video zikiwamo, kuona kama zinacheza hadi mwisho. Kabla ya kufuta naingia humo mara moja zaidi kutafuta albamu ambazo wengine walinishirikisha, kwa sababu picha hizo ziko kwenye akaunti zao, mara nyingi haziingii kwenye kifurushi changu, na nikishafunga akaunti nitalazimika kuwaomba upya mmoja mmoja.