GDB imeliona faili lako, imelikataa tu

Juzi dogo mmoja tunayepiga nae kazi hapa Kisasa kanifata na laptop, kanuna, anasema GDB yake (dibaga, programu ya kukagua kodi ikiwa inakimbia) imeharibika. Anaunda kifaa cha kupima unyevu wa udongo kwa ajili ya shamba la zabibu la baba yake mdogo kule Mpunguzi, sasa kwenye folda ya projekti kaweka .gdbinit (faili la amri ambazo GDB inazisoma ikiwaka) ya mistari mitatu, wa kwanza ni "target extended-remote :3333" ili dibaga ikiwaka tu iungane na OpenOCD, programu inayoongea na chipu ya kifaa kupitia USB. Anawasha, haiungani. Namuuliza onyo linasemaje, ananiuliza onyo gani? Lipo pale juu kabisa, ila yeye macho yanaruka moja kwa moja mpaka kwenye (gdb), pale pa kuandika amri.

Limeandikwa "auto-loading has been declined by your `auto-load safe-path'". Yani faili limeonekana, halijaaminiwa. Tangu toleo la 7.5 GDB haisomi hovyo .gdbinit ya folda uliyosimama, na wana haki, maana faili hilo linaweza kuendesha amri yoyote ya shell, we umeklonu kodi ya mtu usiyemjua, ukafungua dibaga, kwisha habari yako. Ile ya home, yani folda lako binafsi (~), haina shida hio, ndo maana ruhusa unaiandika humo, kwenye ~/.gdbinit:

add-auto-load-safe-path /home/dogo/udongo/.gdbinit

Kuna watu watakwambia weka "set auto-load safe-path /" umalize kazi. Inafanya kazi kweli, ila hapo umeng'oa mlango kisa umesahau funguo.

Basi dogo kaandika, kawasha, onyo lile lile! Nikakaa nyuma yake nimwangalie anavyoandika, nikaona: sudo gdb, yani anaiendesha kama root, mkuu wa mashine. Alizoea kuweka sudo kwenye OpenOCD sababu ya ruhusa za USB, akaibeba mpaka huku. Ukiwa na sudo, home inakuwa /root, na huko hakuna .gdbinit yoyote. Na GDB yenyewe inapita kwenye porti ile ya 3333 tu, haigusi USB, sudo ya nini? Akaitoa, ikaungana hapo hapo. (OpenOCD nayo ina faili lake la udev, yani la kuweka ruhusa za USB kwenye Linux, 60-openocd.rules, ukiliweka sudo unaisahau kabisa.)

Nilimcheka ila na mimi nilishapoteza jioni nzima. Kuanzia GDB 11 inaangalia kwanza ~/.config/gdb/gdbinit, ikilikuta ile ~/.gdbinit haiigusi tena, inasoma moja tu. Mimi nilikuwa nalo huko .config, tupu, nililitengeneza siku nyingi nikalisahau, afu nahariri lile jingine kama chizi na hakuna onyo lolote linalotoka.