Taimingi ya Carina na alama ya puli iliyohama

Msimu wa karafuu uliopita, Maalim mmoja mstaafu aliniletea Carina yake hapa Chake Chake. Injini yake ni 5A-FE, ile yenye distribyuta, kigawa cheche kwenye plagi. Alisema gari imeishiwa nguvu: vilima vya njia ya Wete haipandi mpaka arudi gea ya pili, sindano ya moto inapanda juu, na mafuta yanakwisha mbio. Tayari ilikuwa imepita gereji mbili, na kote walisema taimingi, yaani wakati wa cheche kuwasha mafuta, iko sawa.

"Mwanangu," akaniambia, "taa ya taimingi, ile inayomulika puli kila cheche inapopiga, nimeiona kwa macho yangu. Alama imekaa pale pale kwenye digrii kumi. Sasa nimtilie shaka nani?"

"Maalim," nikamjibu, "tuanze na hiyo alama."

Watu wengi wananiuliza kama wanaweza kubadilisha puli ya krenki, ile gurudumu ya mbele ya injini inayozungusha fenibelti, na kuseti taimingi wenyewe nyumbani. Wanaweza. Vifaa vyake si vingi na kazi haihitaji shimo la gereji. Lakini kuna jambo moja lazima lijulikane kabla ya kushika spana: alama mnayoitegemea imechongwa kwenye puli, na puli ya gari nyingi za siku hizi si kipande kimoja cha chuma.

Chukua puli ya zamani uiangalie kwa upande. Kuna kitovu, kinachokaa kwenye krenkishafti (shafti kuu ya injini, au krenki kwa ufupi) na kushikwa na kii, kipande kidogo cha chuma kinachozuia puli isiteleze juu ya shafti. Kuna duara la nje, lenye mifereji ya fenibelti na ile alama ya taimingi. Baina yao kuna pete ya mpira. Mpira huo umewekwa kwa sababu krenkishafti haizunguki kwa ulaini tunaoufikiria. Kila silinda inaporipuka, shafti inapigwa na kujisokota kidogo, kisha inajirudi. Duara la nje lenye uzito, likiwa limeshikwa na mpira, linaumeza mtetemo huo. Bila yake shafti huchoka, na siku moja inaweza kukatika.

Mpira huzeeka. Joto la injini linaukausha, na oili inayovuja kwenye sili ya mbele inaulainisha mpaka unaachia chuma. Ukiachia, kitovu kinaendelea kwenda na krenki, ila duara la nje linavutwa nyuma na fenibelti yenye mzigo wa alternata. Linarudi nyuma kidogo kidogo, na alama inarudi nalo.

Tupige hesabu. Puli yenye kipenyo cha sentimita 14 ina mzingo wa sentimita 44 hivi. Gawa kwa digrii 360, utaona digrii moja ni kama milimita 1.2 tu. Puli ya Maalim ilikuwa imeteleza milimita 15, upana wa kidole, nazo ni digrii 12. Kwa hivyo taa ilipoonyesha cheche inapiga digrii 10 kabla ya pistoni kufika juu, kwa kweli cheche ilikuwa inapiga digrii 2 baada ya pistoni kuanza kushuka. Moto unaanza kuwaka wakati pistoni inakimbia. Nguvu inapotea, joto linakwenda kwenye egzosi na kwenye maji ya rejeta. Hayo ndiyo yote aliyoyalalamikia Maalim. Mafundi waliotangulia hawakukosea kusoma taa. Waliamini alama tu.

Kujua kama puli yako imeteleza ni kazi ya dakika tano. Injini ikiwa imezimwa, safisha uso wa puli, kisha piga mstari mmoja wa rangi nyeupe unaoanzia kwenye kitovu, ukapita juu ya mpira, ukaishia kwenye duara la nje. Endesha gari siku mbili tatu. Mstari ukikatika, puli imekwisha. Lakini puli iliyoteleza zamani kisha ikatulia haitaonekana kwa mstari huo, na hapo ndipo unapolazimika kutafuta topu ya kweli, yaani pale pistoni ya silinda ya kwanza inapofika juu kabisa.

Fungua plagi zote nne ili injini izunguke kwa wepesi. Wengi hutia kijiti kwenye tundu la plagi na kuangalia kinapoacha kupanda. Mimi sikipendi kijiti. Kwanza, kinaweza kukatikia ndani, na nimeshafungua hedi ya watu kwa ajili ya kipande cha kijiti cha mshikaki. Pili, pistoni ikikaribia juu inakuwa kama imesimama: krenki inazunguka digrii kadhaa na kijiti hakionyeshi kitu. Kwa kazi hii, digrii kadhaa ndizo tunazozitafuta.

Ninavyofanya ni hivi. Nimechukua plagi ya zamani, nikaivunja kaure ya ndani, nikachomelea bolti yenye ncha ya mviringo katikati. Naifunga kwenye tundu la silinda ya kwanza, kisha naizungusha krenki kwa mkono, kwa spana ya 19, polepole sana kama unayepapasa njia gizani, kwa upande wa mshale wa saa. Pistoni inapanda mpaka inagusa bolti na kusimama. Hapo natia alama kwenye puli, mkabala na sifuri ya kipimo cha digrii kilichopo kwenye kava iliyo nyuma ya puli. Nairudisha krenki kinyume mpaka iguse tena kwa upande wa pili, natia alama nyingine. Katikati ya alama hizo mbili, kwa ile njia fupi, ndipo topu ya kweli ilipo. Napima kwa utepe wa karatasi niliouzungushia puli, naukunja nusu, na jibu linapatikana. Usithubutu kutumia stata wakati bolti hiyo imo ndani, utatoboa pistoni. Chomoa betri kabisa.

Kwenye Carina ya Maalim, katikati ya alama zangu na mfereji wa kiwandani, yaani ile alama ya taimingi iliyochongwa, palipishana kidole kizima. Nikamwita aje aone. Aliangalia kwa muda, akasema, "Kumbe." Puli ikabidi itoke.

Gari hizi zina puli upande wa kulia, upande wa dereva. Inua gari, toa tairi la mbele na plastiki ya kuzuia matope. Kama uwanja wako ni mchanga, tandika ubao mnene chini ya stendi, na usiingie chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja. Legeza fenibelti, kisha ndiyo uje kwenye bolti ya krenki. Hewa yetu ya chumvi inazishika bolti hizi vibaya, basi mimina mafuta ya kulainisha kutu tangu usiku. Gari ya gea za mkono, tia gea ya tano na mtu akanyage breki. Otomatiki haishikiki hivyo. Tengeneza pande la chuma linalofungwa kwenye matundu mawili yenye nyuzi usoni mwa puli, ulizuie chini. Kuna wanaoegemeza bomba kwenye chesisi na kupiga stata ili bolti ijifungue. Inafanya kazi, na nimeona pia bomba lilivyoruka. Sikushauri.

Puli yenyewe itoe kwa pula, kifaa cha kuvutia, inayofungwa kwenye yale matundu mawili. Pula ya kucha tatu ukiitia kwenye ukingo wa nje, utauchana mpira. Na ukingo wa puli usiuchokonoe kwa bisibisi, utapinda. Ikishatoka, angalia oili sili. Ikiwa pana unyevu wa oili, badilisha sasa hivi, maana ndiyo inayoua mpira. Pitisha kidole kwenye kii na mfereji wake. Kii iliyolika inabadilishwa.

Sisi Pemba spea nyingi zinakuja kwa meli kupitia Mkoani, na puli nyingi ni za mtumba. Si vibaya. Lakini ilaze puli juani, bonyeza mpira kwa ukucha, angalia nyufa na uvimbe kote mbele na nyuma. Hesabu mifereji ya fenibelti. Na puli ya mtumba nayo huenda imeteleza huko ilikotoka, kwa hivyo ile kazi ya kutafuta topu nairudia baada ya kuifunga. Ya kwanza niliyomletea Maalim ilikuwa imepotoka digrii 4. Nikairudisha dukani.

Kukaza bolti ndipo watu wa nyumbani wanapoharibu. Injini hii naikaza kwa Nm 118 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza). Ya kwako angalia kitabu chake. Ikilegea, puli inacheza, inakula kii, kisha inakula mfereji wa krenkishafti yenyewe, na hapo umeingia gharama ya kufungua injini. Spana ya toki, inayopima nguvu hiyo, ndiyo bora, azima. Ukikosa kabisa, Nm 118 ni sawa na kilo 12 zilizoning'inizwa kwenye ncha ya bomba la mita moja lililolala sawa. Dumu la lita 20 lililojaa maji, likining'inizwa sentimita 57 kutoka katikati ya bolti, linakaribia hapo hapo.

Sasa taimingi. Tuelewane: mkanda wa taimingi unapanga valvu na pistoni, na hatukuugusa. Tunaloliseti ni wakati wa cheche, kwa kuzungusha distribyuta. Washa injini mpaka ipate moto wake wa kawaida, zima eyasi (kipoza hewa) na taa. Fungua kiboksi cha majaribio ndani ya boneti, unganisha matundu yaliyoandikwa TE1 na E1 kwa waya mfupi. Taa ya injini kwenye dashi itaanza kumetameta, na hiyo ndiyo dalili kwamba kompyuta imeacha kusogeza cheche kwa hesabu zake. Ukiseti bila waya huo, unaifukuzia alama isiyotulia.

Funga taa ya taimingi kwenye waya wa plagi ya kwanza. Imulike puli. Chini ya taa ile puli na fenibelti vitaonekana vimesimama kabisa, na hapo ndipo watu hukatwa vidole. Vinazunguka. Usivae kikoi wala shati la mikono mirefu, na feni ya rejeta inaweza kuanza yenyewe. Legeza bolti za distribyuta kidogo tu, izungushe nywele kwa nywele mpaka mfereji wa alama ukae kwenye 10, kaza, kisha pima tena, maana kukaza kunaisogeza. Toa waya wa TE1.

Tulipomaliza, Maalim alikaa kiti cha dereva, mimi pembeni. Tukashika njia ya Wete saa kumi alasiri, karafuu zikiwa zimeanikwa pande zote za barabara. Vilima alivipanda kwa gea ya tatu, sindano ya moto haikutikisika. Mstari mweupe nimempigia kwenye puli mpya pia, na kila akija kubadilisha oili nauangalia kwanza. Mpaka wiki iliyopita haujakatika.